Kamera ya dijitali ya bei nafuu: jinsi ya kuchagua ya kutumia kila siku bila kuingizwa mjini

Wengi wanaotafuta kamera ya bei nafuu wanaanza kwa kuuliza "ipi kali kwa bajeti hii", na hapo ndo wanapoanza kupigwa, maana kabla ya kujua kamera ipi inabidi ujue simu yako inakuangusha wapi. Simu za siku hizi zinapiga picha nzuri, tusidanganyane, na kamera mpya ya bei ya chini kabisa, ile ndogo ambayo boksi lake limejaa namba kubwa kubwa, mara nyingi inapitwa na simu ya kawaida tu. Msimamo wangu nautoa mapema ili ujue naelekea wapi: kama hela ni ya kubana, kamera nzuri ya zamani iliyotumika inaishinda kamera mpya ya hovyo karibu kila mara. Huko chini nitaeleza kwa nini, na jinsi ya kuikagua usije ukauziwa mbuzi kwenye gunia.

Hatua ya 1: Jua simu inashindwa wapi

Fungua picha zako za miezi michache iliyopita, usiangalie zile nzuri, angalia zile mbovu ulizosita kuzifuta. Utakuta zinajirudia. Kuna za mbali, mtoto yuko jukwaani au ndege yuko juu ya mti, ukivuta kwenye simu sura inakuwa mabaka tu. Kuna za ndani usiku, watu wanacheza, mikono imetoka ukungu. Kuna zile ambazo ulitaka nyuma ya mtu pafifie vizuri, programu ya simu ikamkata sikio na nusu ya nywele. Na kuna shida ambazo sio za picha kabisa, simu imejaa, chaji inaisha katikati ya shughuli, au hutaki kumpa mtoto simu yako aende nayo kwenye maji.

Kila shida hapo ina kamera yake. Ya mbali inataka zumu ya lenzi, ya usiku inataka sensa kubwa (kibamba cha ndani kinachopokea mwanga) na lenzi inayoingiza mwanga mwingi, ya kufifisha nyuma inataka hivohivo vitu viwili, na ya mtoto na maji inataka zile kamera ngumu kama Olympus TG-6 ambayo inazama mpaka mita 15 bila kifuko. Chagua shida moja, zikizidi sana mbili. Kamera inayofanya yote ipo ila sio ya bei nafuu na haiingii mfukoni. Na kama umepekua picha zote hujaona shida, basi huna haja ya kamera, baki na hela yako.

Wa video nawapitisha haraka: kama unachotaka ni video tupu za kuweka mitandaoni, simu nzuri na maiki ndogo ya kubana kwenye kola itakupa zaidi kuliko kamera nyingi za bei ya chini. Ukilazimisha kamera, tafuta yenye tundu la maiki la milimita 3.5 na skrini inayogeuka mbele, na hizo ndo vitu vya kwanza kuondolewa watengenezaji wanapopunguza gharama.

Hatua ya 2: Achana na mashindano ya megapikseli

Megapikseli ni vidoti milioni moja vinavyojenga picha. Picha ya sentimita 10 kwa 15 ikichapwa vizuri inahitaji kama megapikseli 2. Ukurasa mzima wa A4 unahitaji kama 9. Skrini ya 4K yenyewe ina 8 na ushee. Kwahiyo kamera ya megapikseli 12 inakutosha, 16 inakuachia nafasi ya kukata kando ukipenda, na 20 au 24 ni starehe.

Sasa yale matangazo ya kamera ya megapikseli 48 au 64 kwa bei ya kutupa, jina la kampuni hujawahi kulisikia popote, hayo ndo yanaliza watu. Ndani mara nyingi kuna kisensa kidogo cha pikseli chache, alafu programu inaikuza picha mpaka ifike hiyo namba iliyoandikwa kwenye boksi. Na ile "zumu mara 16" inayotajwa hapo ni ya dijitali, yani kamera inakata katikati ya picha na kuikuza, kitu ambacho unaweza kukifanya mwenyewe kwa vidole viwili kwenye simu. Ukiona tangazo linataja zumu ya dijitali na halitaji popote zumu ya lenzi, pita. Kama halitaji ukubwa wa sensa pita pia, usipoteze muda kuuliza.

Jina kubwa nalo lisikutie upofu. Kodak ile iliyotengeneza kamera ya dijitali ya kwanza mwaka 1975 iliacha kutengeneza kamera za dijitali mwaka 2012 ilipofilisika, na hizi Kodak Pixpro unazoziona leo zinatengenezwa na kampuni nyingine, JK Imaging, iliyokodi jina. Sio kwamba ni takataka, kwa mtoto au kwa mtu anayetaka kitu chepesi zinafanya kazi, ila usilipe zaidi kwa ajili ya jina.

Hatua ya 3: Uliza sensa ina ukubwa gani

Hapa ndo kwenye kamera yenyewe. Sensa ni kile kibamba nyuma ya lenzi kinachopokea mwanga, kikiwa kikubwa kinakusanya mwanga mwingi, na mwanga ukiwa mwingi picha ya usiku inatoka safi bila chengachenga. Kamera nyingi ndogo za bei ya chini, pamoja na karibu zote zenye zumu ndefu sana, zina sensa inayoitwa 1/2.3, ambayo ni kama milimita 6.2 kwa 4.6. Juu yake kuna ya "inchi 1", ambayo wala sio inchi, ni milimita 13.2 kwa 8.8, hilo jina limerithiwa toka enzi za mirija ya kamera za video na hakuna aliyejisumbua kulibadilisha. Lakini hata na jina la uongo, eneo lake ni kama mara 4 ya ile ndogo. Inafuata Micro Four Thirds inayotumiwa na Olympus na Panasonic, milimita 17.3 kwa 13, mara 8 ya ile ndogo, alafu APS-C ambayo ni kama 23.5 kwa 15.6 (za Canon ni ndogo kidogo), hiyo ni kama mara 13. Juu ya hapo kuna fremu nzima, 36 kwa 24, huko tusiende, maana hata ukibahatisha mwili wa zamani kwa bei nzuri lenzi zitakufilisi.

Simu nzuri za sasa zina sensa kubwa kuliko hiyo 1/2.3, na tena zinapiga fremu kadhaa kwa mpigo na kuziunganisha, ndo maana kakamera kapya ka bei ya chini kanaaibishwa na simu ukumbini. Kwahiyo kanuni yangu ni hii: kama shida yako sio zumu wala maji, usishuke chini ya sensa ya inchi 1. Kama shida yako ni zumu au maji, 1/2.3 inakubalika mradi ujue ni kamera ya mchana.

Hatua ya 4: Soma mdomo wa lenzi

Hii inachukua dakika moja na inakuokoa na maneno mengi ya muuzaji. Geuza kamera ikutazame, soma maandishi yaliyozunguka kioo cha lenzi. Utakuta namba jozi mbili. Sony RX100 ile ya kwanza kabisa ya 2012 ina 10.4-37.1 na 1.8-4.9. Chukua ile jozi ya milimita, gawa kubwa kwa ndogo, 37.1 kwa 10.4 unapata kama 3.6, hiyo ndo zumu ya kweli, mara tatu na nusu hivi. Canon SX740 HS ina 4.3-172 na 3.3-6.9, sasa 172 gawa kwa 4.3 ni 40, zumu mara 40 kwenye kamera ya kuweka mfukoni, unashangaa mwenyewe.

Ila usishangae mpaka usome ile jozi ya pili. Hizo ndo namba za f, zinaonyesha tundu la kuingizia mwanga lina upana gani, na zinaenda kinyumenyume, ndogo ndo pana. RX100 ukiwa hujavuta iko 1.8, inakunywa mwanga kwelikweli. Ile Canon inaanzia 3.3 na ukivuta mpaka mwisho umefika 6.9, hapo mwanga umepungua zaidi ya mara 4 na unaangukia kwenye sensa ambayo tangu mwanzo ni ndogo. Alafu kuna mkono kutetemeka. Kanuni ya wapiga picha wa zamani inasema spidi ya shata (kipazia kinachofunguka na kufunga picha ikipigwa) isiwe ya polepole kuliko moja gawa kwa urefu wa lenzi, na hiyo zumu ikivutwa yote ni sawa na milimita 960 kwenye hesabu za fremu nzima, kwahiyo unatakiwa uwe kama 1/1000 ya sekunde, kitu ambacho kwa f 6.9 unakipata jua likiwaka tu. Kitulizi cha mtikisiko kinasaidia sana, hakikisha kipo na ni cha lenzi au cha sensa, sio cha dijitali, lakini kitulizi kinatuliza mkono wako wewe, hakimtulizi mtoto anayekimbia. Uwanjani saa nane mchana raha tupu, jioni ukumbini utalia.

Ukitaka kuona namba ya f inavyofanya kazi kwa upande mzuri, chukua lenzi ya kawaida inayokuja na DSLR (zile kamera kubwa za kubadilisha lenzi, zenye kioo ndani), ile 18-55. Ukivuta mpaka mwisho iko f 5.6. Weka pembeni lenzi ya 50 isiyo na zumu yenye f 1.8: inaingiza mwanga karibu mara 10 zaidi. Mara kumi! Na hapo ndo nyuma panapofifia bila programu yoyote.

Hatua ya 5: Chagua umbo utakalokubali kulibeba

Kompakti, yani kamera ndogo ya mfukoni isiyobadilishwa lenzi, yenye sensa ya inchi 1 ndo naipa nafasi ya kwanza kwa matumizi ya kila siku. RX100 ina gramu 240 pamoja na betri, inakaa mfukoni na unaisahau, wakati DSLR hata ile ndogo ukishaifunga lenzi inapita nusu kilo na inataka begi lake. Ukiwa na RX100 ya kwanza kwanza iliyotumika una kamera ya familia, safari, na sherehe za ndani. Canon G7 X ziko kwenye kundi hilohilo ila watu wa video za mitandaoni wamezipandisha bei, kwahiyo linganisha kwanza.

Kuna zile zenye umbo la kamera kubwa lakini lenzi yake haibadilishwi. Hapa kuwa macho, maana mwili mkubwa haumaanishi sensa kubwa, nyingi ndani yake ni 1/2.3 ileile. Panasonic FZ1000 ya 2014 ni tofauti, ina sensa ya inchi 1, zumu mara 16, na f yake inaanzia 2.8 na kuishia 4 tu hata ukivuta yote. Mzazi ambaye kazi yake ni kupiga watoto jukwaani na uwanjani nisingemtafutia kitu kingine, ila uzito wake ajiandae nao.

DSLR za kuanzia, hizi sasa hivi ndo zinatoa picha nyingi kwa hela ndogo, kwa sababu watengenezaji wamehamia kwenye zisizo na kioo cha ndani na watu wanauza za zamani. Nikon D3500 ya 2018 kipimo chake rasmi cha betri ni picha 1550 kwa chaji moja, yani unaenda harusi nzima na kurudi. Haina waifai, ina Bluetooth tu, wala skrini ya kugusa haina, lakini picha ziko vizuri sana. Kwa Canon angalia 1300D au 2000D. Jambo moja la Nikon ambalo wauzaji hawasemi: mfululizo wa D3000 na D5000 hauna mota ya fokasi ndani ya mwili, kwahiyo ukinunua lenzi ya zamani ya Nikon iliyoandikwa AF au AF-D itakaa vizuri tu kwenye kamera lakini fokasi utakuwa unazungusha kwa mkono. Tafuta iliyoandikwa AF-S. Na lenzi ya pili ya kununua ni 35 f 1.8 DX kwa Nikon au 50 f 1.8 STM kwa Canon, sio zumu nyingine.

Zisizo na kioo, wengi wanaziita miralesi, ni nyepesi na bado unabadilisha lenzi. Sony a6000 ya 2014 ina megapikseli 24 na fokasi ya haraka mpaka leo, ila betri yake ni kama picha 360 hivi na tundu la maiki haina. Olympus E-M10 Mark II na Panasonic GX80 zina kitulizi kwenye sensa yenyewe, maana yake hata lenzi ya bei ya chini isiyo na kitulizi inatulia. Tatizo la kundi hili ni lenzi ambazo mfumo wake umekufa. Nikon 1 ilisimamishwa 2018, Samsung NX mwenyewe alishaondoka kwenye biashara ya kamera, na Canon EOS M nayo haiendelezwi tena. Utakuta miili yake inauzwa bei ya kukutoa udenda. Mi nasema hivi, kama utatumia lenzi ileile iliyokuja nayo na huna mpango wa kuongeza, EOS M sio mbaya, inunue ukijua. Kama una ndoto za kukua nayo, acha.

Hatua ya 6: Mpya au iliyotumika

Mwaka 2010 watengenezaji walisafirisha kamera za dijitali zaidi ya milioni 121 duniani. Miaka ya karibuni ni kama milioni 8 tu kwa mwaka. Simu ilikula soko lote la chini, na kampuni zikaacha kutengeneza kamera nzuri za bei nafuu zikahamia kwenye za gharama. Ndo maana ukiingia dukani leo na bajeti ndogo unachokuta kipya ni hizo za namba za uongo au vikompakti vya sensa ndogo. Lakini hizo milioni mamia zilizouzwa zamani hazikuyeyuka, ziko kwenye madroo ya watu, nyingine zimepiga picha za likizo mbili tatu basi. Na sensa ya megapikseli 24 ya 2014, mchana, picha ya ukubwa wa kawaida, weka pembeni ya kamera ya mwaka huu, mtu wa kawaida hatofautishi.

Kitu cha kuangalia ni umri. Sasa hivi vijana wanazipenda zile kompakti za miaka ya 2000 kwa ile rangi yake ya kizamani, sina ugomvi nao, ila nyingine zinatumia kadi za xD au Memory Stick ambazo kuzipata ni shughuli, na nyingine za kabla ya 2010 hivi hazisomi kadi kubwa kuliko GB 32, hata GB 2 kwa zile kongwe kabisa. Kwa kamera ya kila siku kaa 2012 kuja juu.

Hatua ya 7: Kagua kabla hujatoa hela

Nenda na kadi yako ya SD, betri yenye chaji kama unaweza kuipata, na simu yenye tochi. Chagua sehemu yenye mwanga, muuzaji anayetaka mkutane gizani anajua kwa nini.

Anza na lenzi. Fungua kifuniko, washa tochi ya simu, iweke upande wa nyuma wa lenzi kama inachomoka kwenye kamera, wewe uangalie kwa mbele ukiinamisha kidogo kidogo huku na huku. Kama lenzi haichomoki, mulika kwa mbele kwa pembeni. Vumbi dogo ndani lisikutishe, karibu kila lenzi ya zamani inalo na halionekani kwenye picha. Unachotafuta ni nyuzi nyembamba nyeupe zinazotambaa toka ukingoni kuja katikati kama utando wa buibui. Hiyo ni fangasi. Inakula utando uliopakwa kwenye kioo, inaendelea kukua ukiihifadhi kwenye unyevunyevu, na kuisafisha kunagharimu kuliko lenzi yenyewe. Ukiona fangasi rudisha, hata apunguze nusu bei. Mkwaruzo mdogo mbele, huo unaweza kuutumia kama sababu ya kupunguziwa.

Alafu sensa. Weka kadi, chagua modi ya A inayokuachia uchague namba ya f mwenyewe (kwa Canon imeandikwa Av), peleka namba ya f mpaka 16 au 22, au mwisho wake kama haifiki huko, piga anga tupu au ukuta mweupe. Iangalie picha kwa kuikuza, pita pembe hadi pembe. Madoa meusi yenye ukungu ni vumbi juu ya sensa, kwenye DSLR linasafishika, kwenye kompakti ni balaa maana inabidi ifunguliwe yote. Baada ya hapo funika lenzi, piga picha ya giza ya sekunde moja au mbili kwa ISO (wepesi wa sensa kuhisi mwanga) ya chini, ukuze uone kama kuna vidoti vyekundu, bluu au vyeupe. Kimoja viwili sawa, vikiwa vingi kama nyota, hapana.

Kama ni kompakti, iwashe na kuizima mara nyingi mfululizo, sikiliza lenzi inavyotoka. Itoke kimya, isisite, isitoe mlio wa kusaga. Mchanga ukishaingia pale ndo mwisho wa kamera. Vuta zumu yote, rudisha, piga picha ya maandishi madogo kila pembe ya fremu uone kama upande mmoja una ukungu wakati mwingine uko sawa, hiyo inaonyesha ilidondoka. Bonyeza kila kitufe, hata ambacho hutakitumia. Washa flashi ipige. Rekodi video fupi uongee, uisikilize. Fungua mlango wa betri uchungulie vyuma, vikiwa na ukijani ilikaa na maji au jasho. Kwenye tundu la kadi chungulia meno yote yamenyooka.

DSLR ina hesabu ya shata, mara ngapi imeshapiga, na za kuanzia huwa zinakadiriwa kwa kama laki moja. Kwa Nikon unaipata kwa kuipakia picha ya JPEG (faili la kawaida la picha) iliyotoka moja kwa moja kwenye kamera kwenye tovuti zinazosoma taarifa za faili, kwa Canon nyingi inabidi utumie programu na waya. Iliyopiga elfu 15 ni kama mpya. Ya elfu 80 sio kwamba inakufa kesho, lakini bei iongee.

Mwisho angalia lugha ya menyu. Sony nyingi zilizouzwa Japani zina Kijapani tu na hakuna sehemu ya kubadilisha. Muuzaji atakwambia "utazoea". Hutazoea.

Hatua ya 8: Tenga hela ya vidogovidogo

Usimalize bajeti yote kwenye kamera. Acha kama moja ya tano kwa betri ya pili, kadi, na kifuko. Betri ya kamera iliyotumika mara nyingi imechoka, kwahiyo kabla ya kununua andika jina la betri utafute kama inapatikana. Hapa modeli zilizouzwa sana zinakulipa: EN-EL14 inaingia toka Nikon D3100 mpaka D3500, LP-E10 inaingia Canon 1100D mpaka 2000D, NP-BX1 inaingia kwenye RX100 nyingi, zote zinapatikana. Za kampuni nyingine ni sawa tu ukinunua zenye jina, ila ikianza kuvimba itoe uitupe, usilazimishe mlango ufunge.

Kadi, chukua ya GB 32 au 64 ya jina linalojulikana, yenye alama ya U3 au V30 kama utarekodi video ya 4K, hizo zinakuhakikishia angalau MB 30 kwa sekunde. Kadi feki zimejaa, inajiita GB 256 kumbe ndani ni 8, inapokea picha zote bila kulalamika alafu unaporudi nyumbani hazifunguki. Kadi mpya ukiifikisha nyumbani ijaze yote na programu ya H2testw kwenye Windows, au F3 kwenye Mac na Linux, ikikosea mahali irudishe siku hiyohiyo.

Hatua ya 9: Siku ya kwanza, kabla hujaanza kulalamika

Fomati kadi ndani ya kamera yenyewe, sio kwenye kompyuta. Weka tarehe na saa sahihi, ukiacha 2013 utapata tabu kupanga picha. Nenda kwenye ubora wa picha, weka JPEG kubwa na safi kabisa, RAW, yani faili ghafi ambalo kamera haijalichakata, utaijaribu ukishapata hamu ya kuhariri. Zima zumu ya dijitali, nyingi zinakuja imewashwa na unaingia humo bila kujua. Toa ISO kwenye otomatiki isiyo na kikomo, mpe kikomo, 1600 kwa sensa ndogo, 3200 kwa inchi 1, 6400 kwa APS-C, hapo chenga zinavumilika.

Alafu kitafute kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa. Hicho ndo kitakachokupa nyuso. Mtu mwenye ngozi nyeusi akisimama mbele ya dirisha au anga jeupe, kamera inaona weupe wote ule, inadhani pana mwanga wa kutosha, inapunguza, sura inakuwa kivuli. Sogeza mpaka +0.7 au +1, piga tena. Anga litaungua kidogo nyuma, liache liungue. Na jioni ukiwasha flashi kumbuka hako kadogo ka kwenye kompakti kanafika mita 3 au 4 tu, kupiga jukwaa toka siti za nyuma ukiwa umewasha flashi unachomulika ni visogo vya watu.

Picha zikishakuwa tayari kuzituma, kwenye WhatsApp zitume kama dokumenti au chagua ubora wa HD, maana ukituma kawaida inazibana, na ndugu yako atakaa huko anasema mbona kamera yako mpya haina tofauti na simu.